Mabati Yangu Yako Angani

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi,
Shirika la Ndege (jina lake silitaji humu, lisije likaporomoka zaidi).

YAH: MALALAMIKO YA MMILIKI MWENZAKO

Ndugu Mwenyekiti,

Naanza kwa kukupa pole ya majukumu. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa shingo, ambayo inauma kwa sababu ya kutazama juu kila ndege zetu zinapopita. Najua mezani kwako zinafika barua nyingi, na nyingi ni za abiria wanaolia na masanduku yao. Hii si ya abiria. Sijapanda ndege hata siku moja tangu nizaliwe. Mimi ni mmoja wa wenye nazo.

Kwa kazi ni kinyozi. Duka langu lina viti viwili, vioo vitatu, kimoja kina ufa, na benchi la wanaosubiri zamu, ambalo ndilo chuo kikuu nilichosoma. Kwenye benchi hilo ndipo nilipofundishwa kwamba mtu mdogo asiponunua hisa atabaki mdogo. Mwalimu alikuwa karani mstaafu wa benki tunayemwita Mzee Asilimia, kwa sababu hata ukimuuliza hali ya mkewe atakujibu kwamba anaendelea vizuri kwa asilimia themanini. Yeye alinishauri nifikirie tu. Hakuniambia ninunue, na hilo naliandika ili nisimwonee. Kununua niliamua mwenyewe, na sababu yake ndiyo lalamiko la kwanza.

1. Kuhusu kichwa chako.

Mwenyekiti, hisa zako nilizinunua kwa sababu ya nywele zako. Siku shirika lilipotangaza kuuza hisa kwa wananchi, picha yako ilitoka gazetini. Magazeti mimi huyatumia kufutia wembe, lakini siku ile mkono uligoma. Mstari wa nywele juu ya paji la uso ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula. Panja mbili hazikupishana hata kwa unywele mmoja. Nina miaka ishirini na miwili kazini, na katika muda huo wote sijawahi kudanganywa na kichwa. Mwenye madeni namjua kwa anavyokuna kisogo. Anayemficha mkewe jambo huomba nimpake rangi mvi za mbele tu. Kwa hiyo nikasema, mtu anayezitunza panja zake namna hii, fedha zangu atazitunza kama mboni ya jicho. Nikaibandika picha yako juu ya kioo chenye ufa, na kwa miezi mitatu nikawa naisifia dukani, mezani, hata kitandani. Kisha nikatoa fedha za mabati ya nyumba yetu nikanunua hisa mia sita.

Mwaka huu nilihudhuria mkutano mkuu wa wanahisa. Ulipogeuka kutuonyesha mchoro ukutani, kwa mara ya kwanza nikakiona kisogo chako. Mwenyekiti, zile si nywele zako. Ni za kubandika, na aliyezibandika alikuwa na haraka. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama mstari mwekundu ukishuka kwenye mchoro, mimi nikawa natazama mstari wa gundi. Sina ugomvi na upara, na wenye vipara ni wateja wangu wazuri kwa sababu hawakosi hata wiki moja. Ugomvi wangu ni kwamba nilinunua hisa kwa kuangalia nywele, kumbe nywele zenyewe ni za kuazima, na jioni hiyohiyo nikasikia kwamba ndege nne kati ya saba tulizo nazo pia ni za kukodi.

2. Kuhusu mali yangu, ambayo sijaoneshwa.

Mwezi wa pili baada ya kununua, nilifunga duka mapema, nikavaa koti la harusi, nikaenda uwanja wa ndege kukagua. Mlinzi wa getini akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Nikamwambia siendi popote, nimekuja kuangalia kama ndege zangu zimeoshwa. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Mzee wangu, mimi nina miaka tisa kwenye hili geti, na hata geti si langu. Sogea pembeni, gari linapita." Nilimwonesha cheti cha hisa. Alikisoma chote kwa utaratibu, akakirudisha, akaniuliza kama hicho cheti kinaingiza mtu chooni, maana hata choo cha abiria siku hiyo kilikuwa kwa wenye tiketi.

Niliporudi dukani, Mzee Asilimia alichukua kalamu ili kunifariji. Alipiga hesabu, akafuta, akapiga tena. Matokeo yake ni kwamba katika ndege zote saba, sehemu yangu haifiki hata kile kijimeza kinachokunjwa mgongoni mwa kiti. Ni kama skrubu na nusu. Naomba nitajiwe ni skrubu ipi. Nikijua iliko nitalala vizuri, na kama iko kwenye bawa nitaomba nibadilishiwe, nipewe ya mlango wa choo, isije ikasemwa kwamba hisa zangu ndizo zilizolegea.

3. Kuhusu lawama, ambazo zote nimepewa bila kupunguziwa.

Faida tunagawana na mamilioni ya watu, lakini lawama za mtaa huu nabeba peke yangu. Tangu nibandike nakala ya cheti pembeni ya picha yako, jina langu limekufa. Naitwa Mwenye Ndege. Ndege ikichelewa, watu wanakuja dukani. Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mpole ambaye kwa miaka kumi alikuwa ananisalimia kwa mikono miwili, aliingia bila salamu akasema, "We Mwenye Ndege, sanduku langu liko wapi?" Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Alikuwa amesafiri na shirika letu kwenda kwenye semina, yeye akafika, nguo zake zikapelekwa mji mwingine, na semina nzima aliihudhuria kwa suruali moja. Alikaa kwenye kiti akasema hatoki mpaka alipwe.

Nilimnyoa bure. Mwenyekiti, nilimnyoa bure mara tatu, kwa niaba ya shirika, na mara ya tatu nikamsinga na kichwa kwa mafuta juu yake. Muuza dawa wa jirani alipokaa uwanjani saa saba akisubiri ndege iliyofutwa, naye alikuja kudai kunyolewa ndevu bure. Hizo huduma zote nimeziandika kwenye daftari chini ya kichwa cha habari "Fidia kwa Abiria," na nashangaa kutoziona kwenye ripoti yako ya mwaka, kwa sababu kwa uelewa wangu mdogo ndiyo idara pekee ya shirika iliyofanya kazi bila kuchelewa.

4. Kuhusu faida, ambayo nimeitafuta.

Mwaka wa kwanza mlituandikia kwamba tumepata hasara kwa sababu mafuta yamepanda. Nikaelewa. Hata mimi umeme ukikatika, mashine hulala nikashika mkasi. Mwaka wa pili mafuta yakashuka, nikafurahi, nikamwagiza fundi aje apime kenchi za paa. Ripoti ikaja ikasema tumepata hasara kwa sababu tulikuwa tumeshakubali kununua mafuta kwa bei ya juu kabla hayajashuka. Mwaka wa tatu ndege zilikwenda zikiwa nusu tupu, tukapata hasara kwa kukosa abiria. Mwaka wa nne zikajaa hadi watu wakasukumana, tukapata hasara kwa sababu ili zijae ilibidi tiketi ziuzwe kwa bei ya hurumahuruma, maana mashirika mengine nayo yalikuwa yameshusha.

Nilimshika Mzee Asilimia shingoni, kwa taulo la kazi, nikamuuliza. Ndege ikiruka tupu tunapata hasara? Akasema ndiyo. Ikiruka imejaa? Akasema mara nyingi ndiyo. Sasa ikikaa chini tu, imeegeshwa? Akasema, "Hapo ndipo pabaya zaidi, maana unalipia maegesho." Benchi zima likacheka mpaka mtu mmoja akadondoka. Mimi sikucheka. Mwenyekiti, nina viti viwili tu, lakini kiti changu kikiwa na mtu napata, na kikiwa hakina mtu angalau hakili. Ninyi mmenunua kiti kinachokula kikiwa na mtu, kinachokula kikiwa hakina mtu, na kinachokula kikiwa kimelala.

Kisha mkatoa hisa mpya kuongeza mtaji. Nimeelezwa kwamba sehemu yangu imepungua bila mimi kuuza kitu, kwa hiyo ile skrubu na nusu sasa ni skrubu moja isiyo na kichwa. Siku nitakapowakalisha wateja watano juu ya kiti kimoja, nikamwambia wa kwanza atulie kwa sababu bado yuko kitini, nitapigwa, na wewe ukipita njiani utasema nimestahili.

Kuhusu bei sitasema mengi. Hisa moja niliinunua kwa gharama ya kunyoa kichwa na ndevu. Leo ukiiuza hisa hiyohiyo hupati hata wembe wa kuzinyolea.

5. Kuhusu mwavuli.

Gawio sijapokea. Kwenye mkutano mkuu nilipewa kalamu, boksi la chakula lenye kipande cha kuku ambacho nadhani nacho kilikuwa hisa, na mwavuli wenye nembo ya shirika. Nimeutaja mwavuli peke yake kwa sababu umenivunjia heshima nyumbani. Mke wangu aliukuta mlangoni, akaufungua, akaushika juu ya kichwa chake, akaniuliza, "Baba watoto, hili ndilo paa?" Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ndani na hakuitwa, akaitikia kutoka jikoni, "Mwacheni mkwe wangu. Paa limefika, ila linatosha mtu mmoja. Wengine wavute subira."

6. Kuhusu paa lenyewe.

Hapa, Mwenyekiti, naomba uache kunywa chai usome.

Mimi na mke wangu tuna kiwanja. Tuligawana kazi kama watu wazima. Mimi, paa. Yeye, ambaye ni fundi cherehani na anajua kuweka akiba kuliko mimi, milango na madirisha. Kuta tulijenga pamoja kwa miaka sita, tofali kwa tofali, na zimesimama mpaka juu. Lakini tofali letu ni la udongo, halikuchomwa, kwa sababu la kuchoma lilitushinda. Tofali la namna hiyo likipata mabati juu yake linaweza kudumu hadi limzike aliyelijenga. Lisipopata, mvua mbili kubwa zinatosha kulirudisha lilikotoka. Mwaka jana mvua zilikuwa chache, tukafunika kuta kwa mifuko ya saruji na maturubai, zikapona. Mwaka huu watabiri wa hali ya hewa wamesema mvua ni kubwa na zinaanza baada ya wiki tano. Fundi amekuja, amegonga ukuta wa chumba cha watoto kwa kidole, akatikisa kichwa na kuondoka bila kudai nauli. Fundi asiyedai nauli amekata tamaa.

Wakati huohuo tunaishi kwa mama mkwe, chumba cha nyuma, mimi, mke na watoto wawili. Nilisema tutakaa miezi minne. Huu ni mwaka wa nne. Ni mama mwema na sisemi vinginevyo, hasa kwa kuwa ukuta wa chumba chetu na chake ni mbao. Lakini nikikohoa ananiuliza kama nimemeza dawa, nikikaa kimya ananiuliza kama hisa zimeshuka tena. Anagonga mlango wa bafu kuniambia maji ni ghali. Mwanamume wa miaka arobaini na saba nanong'ona kwa mke wangu kama mgeni aliyelala pasipo ruhusa. Naona aibu, Mwenyekiti, na ninasema wazi kwamba naona aibu, kwa sababu nimechoka kuifanyia mzaha dukani.

Jumapili huwa nakwenda kiwanjani peke yangu. Naketi katikati ya sebule yetu, natazama juu, na kwa kuwa hakuna paa naziona ndege zote vizuri sana. Ya saa nne asubuhi. Ya saa nane. Zinapita juu ya chumba cha watoto zikiwa na mabati yangu ndani yake. Hakuna hata moja iliyowahi kuinamisha bawa kunisalimia.

Mke wangu amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Hakupiga kelele. Alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, akasema, "Zirudishe fedha za mabati, baba watoto. Hata kama ni nusu. Sitaki kusikia tena habari za kichwa cha mtu." Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Ningekuwa na uwezo wa kuzirudisha siku hiyo ningezirudisha kwa kutambaa.

7. Kuhusu ninachoomba.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu wa mwenye skrubu, unirudishie fedha zangu kwa bei niliyonunulia. Nimeelezwa na dalali wa hisa kwamba soko haliendi hivyo. Kinyozi naye haendi hivyo, lakini nikimkata mteja sikio simwambii kwamba thamani ya masikio hupanda na kushuka.

Kama fedha taslimu hazipo, basi nipo tayari kupokea bidhaa. Nasikia nyuma ya karakana mna ndege moja kuukuu ambayo haijaruka kwa miaka mitano na inalipiwa maegesho. Niletee hiyo. Nimeipima kwa hatua kwenye picha ya ripoti ya mwaka, na itakaa kwenye kiwanja changu iwapo jirani atakubali pua iingie uani kwake. Ina paa lisilovuja, milango minane, madirisha zaidi ya mia, vyoo viwili, na viti vya wageni wengi kuliko ukoo wa mke wangu. Mabawa nitamkodisha muuza mitumba aanike nguo zake. Ninyi mtaokoa maegesho, mimi nitahama kwa mama mkwe, na kwa mara ya kwanza tangu shirika lianzishwe kutakuwa na ndege yetu moja ambayo haimtii mtu hasara.

Kama hilo nalo ni gumu, niajiri niwe kinyozi wa bodi. Nimewatazama wakurugenzi wote tisa kwenye picha. Mkurugenzi wa fedha anahitaji msaada wa haraka, maana mtu aliyeacha panja moja iwe ndefu kuliko nyenzake haonekani kuwa mtu wa kusawazisha vitabu. Wewe nitakutoa hiyo kofia ya nywele, nikusinge na kukung'arisha, usimame mbele ya wanahisa na upara wako wa halali. Naamini bei ya hisa itapanda siku hiyohiyo, kwa sababu watu wataona angalau kitu kimoja hakijafunikwa.

Usiponijibu ndani ya wiki mbili nitalazimika kuiondoa picha yako juu ya kioo na kuweka ya shirika la reli.

Nisalimie wakurugenzi wote, pamoja na yule aliyekuwa anasinzia karibu na maua. Nisalimie marubani, uwaambie kwamba nikiwa chini nawaombea dua kila wanapopita, kwa kuwa mali ni mali. Wasalimie wahudumu, mafundi, na dada aliyetugawia kalamu akatuhesabu mara mbili. Mlinzi wa getini naye mpe salamu. Alisema kweli na hakuna aliyemsikiliza. Mzee Asilimia anakusalimu kwa asilimia hamsini na tano. Mama mkwe hajanituma salamu, ila anajua nakuandikia, maana amegonga ukuta mara mbili kuniambia wino ni ghali.

Nakutakia kazi njema na mbingu zisizo na mawingu, hasa upande wa kiwanja changu.

Ni mimi mwenye sehemu ndogo na subira iliyopungua,

Kinyozi
Mwanahisa, hisa mia sita

N.B. Mwenyekiti, barua nilikuwa nimeshaikunja. Nikampa mke wangu aipitie, kwa kuwa yeye ana mwandiko na macho ya kuona makosa. Alicheka kwenye kichwa chako, akacheka sana kwenye kijimeza. Alipofika namba sita akaacha kucheka. Akaiweka barua chini, akafungua droo ya cherehani, akatoa bahasha na kuniwekea mapajani. Ni cheti cha hisa. Za shirika letu. Hisa mia nne na hamsini, kwa jina lake, zilizonunuliwa wiki mbili kabla sijamwambia kwamba mimi nimenunua. Ni milango yote na madirisha yote.

Nilimuuliza, nani alikushauri mama watoto? Akasema, "Wewe. Miezi mitatu ulikuwa unakisifia kile kichwa. Mimi mambo ya ndege siyajui. Nikasema, mume wangu vichwa anavijua." Kumbe alikuwa akinisukuma fedha zangu zirudi ili angalau tupate paa, halafu ya milango aniambie polepole, tukiwa tumeshaingia ndani.

Kwa hiyo naomba uyachukulie malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kuwa yamefutwa. Fedha usinirudishie, hazitatosha tena. Ndege kuukuu usiilete. Nywele zako endelea nazo. Nilikuandikia nikiwa mwanahisa mdogo aliyepotezewa mali yake na mkubwa aliyeaminiwa, na nimegundua kwamba katika nyumba hii mkubwa huyo ni mimi.

Nina ombi moja tu, nalo nakuomba ulijibu haraka, na barua yenyewe usiipandishe ndege. Wewe umeshasimama mbele ya maelfu ya watu waliokuamini, ukafungua mdomo, na maneno yakatoka. Mimi ninaye mmoja, ameketi ukingoni mwa kitanda ananitazama, na sijui nianze na neno gani.